Dharura Haisubiri Julai

Kijana mmoja mhasibu, aliyehamishiwa wilaya ya mpakani, alinipigia simu. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa ulikuwa Kigoma mwaka 2015. Wakimbizi wakiingia tena, pesa tunatoa wapi?" Nilimjibu kadiri nilivyoweza, lakini mtandao ukakata kabla hatujafika penye utata wenyewe. Nimeona niyaandike, kwa ajili yake na kwa yeyote anayekaa kwenye meza ya malipo karibu na mpaka. Sijasomea uhamiaji wala ulinzi. Nilikuwa mtu wa kuletewa karatasi na kuulizwa kama fedha zipo.

1. Dharura hupenda kuja kasma zikiwa zimekauka

Mwaka wa fedha wa serikali yetu unafunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Mwaka 2015 dharura ilitukuta mwaka huo wa fedha ukielekea ukingoni. Chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu tarehe 25 Aprili 2015. Maandamano yakaanza Bujumbura, na katikati ya Mei maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejazana kwenye ufukwe wa Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Wakati huo wabunge walikuwa Dodoma wakijadili bajeti ya 2015/16. Ile ya 2014/15, ambayo ndiyo pekee tuliyokuwa na haki ya kuitumia, ilikuwa imebaki makombo kwenye kasma zake, yaani vifungu vya matumizi. Na Oktoba ulikuwa uchaguzi mkuu, kwa hiyo hata huko Hazina kila senti ilikuwa na mwenyewe.

Asiyefanya kazi serikalini hudhani kwamba bajeti iliyopitishwa ni pesa iliyopo. Sivyo. Fedha za matumizi mengineyo huja kwa mafungu ya mwezi, na mara nyingi hazifiki zote zilizoidhinishwa. Ikifika Mei, kilichobaki kwenye kitabu kimeshaahidiwa: kuna mzabuni anayedai, kuna walimu wanaosubiri nauli za likizo. Salio unaliona, lakini si lako.

Nilipochimba kumbukumbu za nyuma nikakuta Aprili inajirudia. Mauaji ya Burundi ya 1972 yalianza mwishoni mwa Aprili. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa ishirini na nne tu. Sisemi kwamba ni kanuni. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na Warundi walimiminika mwezi huohuo. Lakini Wakongo nao walianza kuingia Kigoma kwa wingi Machi 2023, tena robo ya tatu ya mwaka wa fedha. Halmashauri ya mpakani isiyobakiza kitu kwa ajili ya robo mbili za mwisho inacheza kamari, na bahati mbaya kamari yenyewe inachezwa kwa maisha ya watu wengine. Zaidi ya hayo, kalenda ya uchaguzi wa Burundi ilikuwa hadharani. Kila mtu pale Kigoma alijua 2015 kuna uchaguzi ng'ambo. Tuliita dharura jambo ambalo wavuvi wa Kibirizi walikuwa wakilizungumza tangu mwaka mpya.

2. Usiulize zipo ngapi, uliza kalamu iko kwa nani

Kagunga haikuwa na barabara ya gari. Nyuma kuna milima, mbele kuna ziwa. Watu walilala mchangani, wakanywa maji ya ziwa na kujisaidia palepale. Kipindupindu kikaingia. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuwa limetangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao Watanzania. Njia kuu ya kuwatoa watu ilikuwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Nayo haikuweza kusogea hadi ufukweni, kwa hiyo ilisimama majini na watu wakapelekwa kwa mitumbwi, wazee na wagonjwa wakibebwa mgongoni. Kutoka Kagunga hadi Kigoma mjini, kutoka hapo Uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka uwanjani mabasi hadi Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Sasa fikiria petroli ya mtumbwi mmoja tu. Mtu wa afya anataka kupeleka klorini na dripu Kagunga asubuhi. Anaandika dokezo sabili. Linakwenda kwa mkuu wa idara, anaandika pembeni "Nashauri". Linakwenda kwa mweka hazina, anauliza kasma. Linakwenda kwa mkurugenzi, ambaye yuko kikaoni. Linarudi jioni limeandikwa "Tuzungumze". Hakuna aliyekataa, wala hakuna mwizi katika mlolongo huo. Kila mmoja alifanya kazi yake kama kitabu kinavyotaka, na boti haikuondoka.

Nilichokuja kukielewa ni kwamba katika dharura za mpakani anayetoa amri si anayeshika fedha. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama. Akisema malori yatoke, yatoke. Lakini yeye si afisa masuuli wa halmashauri. Afisa masuuli ni mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye atakayekaa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, miezi mingi baadaye, kuulizwa kwa nini alilipa mafuta kutoka kasma ya semina. Mkuu wa wilaya hatakuwepo kwenye kiti kile. Huenda atakuwa ameshahamishwa. Mkurugenzi mwenye akili anachelewa kusaini kwa sababu hiyo, na mimi simlaumu.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 140, inaruhusu mfuko wa matumizi ya dharura: serikali inakopa humo kwa jambo la haraka lisilotabirika na lisilotengewa fedha, kisha Bunge linaletewa makadirio ya nyongeza ili mfuko urudishiwe chake. Mpango mzuri, lakini umekaa juu sana. Kabla habari ya Kagunga haijapanda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikaenda wizarani, ikaingia Hazina na kushuka tena ikiwa fedha, mgonjwa wa kipindupindu ameshapona au ameshazikwa. Kipindupindu kinaua kwa saa. Unyumbufu unaofaa ni ule ulio chini: kiwango kidogo kilichoandikwa mapema ambacho mkurugenzi anaweza kukitoa siku hiyohiyo kwa amri ya maandishi ya kamati ya wilaya, kisha aeleze. Nilisema hivyo kwenye vikao. Kuna ofisi moja, siitaji, ilinijibu kwa barua kwamba pendekezo limepokelewa.

3. Kila shilingi iliyohamishwa ilikuwa ya mtu

Kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine kunaonekana safi kwenye karatasi. Unaomba kibali, unapata, unapunguza hapa na kuongeza pale, jumla haibadiliki. Ndiyo maana watu wa Hazina wanaipenda njia hii kuliko nyongeza ya bajeti. Haigusi ukomo wa mtu.

Lakini kule tulikopunguza kuna kisima ambacho hakikuchimbwa. Diwani mmoja wa viti maalumu alinisimamisha nje ya ukumbi wa halmashauri, mama mtu mzima, akanishika mkono kabisa asije akanipoteza. "Mwanangu, wakimbizi ni ndugu zetu, tumewapokea tangu enzi za Mwalimu. Mimi sina neno nao. Ninachouliza, pampu ya kijiji changu imekwenda kwa mkopo au imekwenda moja kwa moja?" Sikuwa na jibu la uhakika, kwa sababu kibali cha uhamisho hakisemi fedha zitarudi. Hakuna safu ya kurudisha kwenye ile fomu.

Tangu siku hiyo, kila uhamisho uliopita mezani kwangu niliuambatanisha na ukurasa mmoja: kasma iliyopunguzwa, mradi ulioguswa, kijiji chenyewe, na mwaka gani tunapanga kuurudishia. Hakuna kanuni iliyonidai ukurasa huo. Kuna wakubwa waliouona usumbufu. Lakini ulipofika msimu wa kupanga bajeti iliyofuata, madiwani walikuwa na karatasi ya kudai, na baadhi walirudishiwa.

Pia kuna mahali hapafai kuguswa hata moto ukiwaka. Dawa za zahanati za vijiji vinavyopakana na kambi ni mojawapo. Ukizihamishia kambini, mwenyeji anayeumwa malaria ataikuta zahanati yake tupu huku ng'ambo ya barabara kuna hema lenye daktari. Hapo ndipo uhasama unapoanzia, na uhasama huo baadaye utauita tatizo la usalama na kuutafutia fedha nyingine.

4. Akiba ya serikali huoza tarehe 30 Juni

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wamefanya kazi halmashauri. Fedha isiyotumika mwaka ukifungwa inarudi Mfuko Mkuu, isipokuwa umewahi kuomba na kukubaliwa. Matokeo yake kila mtu anajua: Juni ni mwezi wa semina, viti vipya na wino wa printa wa kutosha miaka mitatu. Mtu aliyejibana ili abakize cha dharura anaadhibiwa; aliyefuja anafunga vitabu vizuri.

Kwenye mafunzo fulani ya usimamizi wa fedha za umma nilionyeshwa jinsi Umoja wa Ulaya unavyofanya, na nikiri nilipata wivu. Wana chombo kwenye bajeti yao kinachokaa nje ya ukomo wa kawaida wa matumizi, maalumu kwa mambo ambayo mpango wao wa miaka saba haukuyaona. Kina kiwango chake cha kila mwaka, na kisipotumika hakifi: katika mpango wa 2014 hadi 2020 kiliweza kuvushwa hadi miaka mitatu mbele. Kukifungua, Tume inapendekeza, halafu Bunge la Ulaya na Baraza la nchi wanachama lazima wakubali wote wawili. Mwaka 2015 huohuo wa Kagunga, watu zaidi ya milioni moja walipoingia Ulaya kwa bahari, walivunja kibubu: zaidi ya euro bilioni 1.5 kwa ajili ya bajeti ya 2016, sehemu kubwa kwa wakimbizi na wahamiaji.

Usidhani kwao ni peponi. Chombo hicho kilifunguliwa tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi 2020, kwa ajili ya uhamiaji na usalama hayohayo. Jambo linalokuja kila mwaka si dharura tena, ni matumizi ya kawaida yaliyokosa kasma, na chombo kilichokusudiwa yasiyotarajiwa kikawa kinaziba tundu la kupanga vibaya. Vilevile, Novemba 2015 kule Valletta walianzisha mfuko wa dharura kwa ajili ya Afrika, ambao Tanzania nayo iliorodheshwa katika eneo lake la Pembe ya Afrika. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilipoukagua mwaka 2018, ilisema wazi kwamba mfuko unanyumbulika lakini hauna shabaha. Malengo yalikuwa mapana mno, na vigezo vya kuchagua miradi havikuwa wazi vya kutosha. Nilipoisoma ripoti ile nilicheka peke yangu. Kumbe hoja za ukaguzi zinafanana kila mahali.

Lakini lile la kuvusha fedha miaka mitatu nalitaka hapa hata kesho. Halmashauri zenye mpaka au kambi ziruhusiwe kubakiza asilimia ndogo, kwenye akaunti yake, isiyoguswa kwa semina.

5. Ulinzi na wakimbizi wasiwekwe kapu moja

Ni fupi hili, lakini nililiona kwa macho. Kwenye kikao cha dharura, ombi la mafuta ya doria linapita kwa dakika mbili. Hakuna mjumbe anayetaka kuonekana amekataa ulinzi wa nchi, na anayeomba mara nyingi hawezi kueleza zaidi kwa sababu za kiusalama. Ombi la matundu ya vyoo linajadiliwa: yawe mangapi, kwa bei gani, kwa nini wasichimbe wenyewe. Mkishaziweka fedha zote kwenye mstari mmoja ulioandikwa "dharura ya mpakani", ukingoni mwa mwezi vyoo ndivyo vinavyokosa.

Doria zilihitajika, sibishi. Ukiwa na watu wanaokimbia machafuko ya kisiasa, silaha zinaweza kuvuka pamoja nao, na kambi isiyolindwa haimsaidii hata mkimbizi. Ila kilichoua watu Kagunga kilikuwa kinyesi ndani ya maji. Tenganisheni mistari tangu siku ya kwanza, na atakayetaka kuchota upande wa pili aombe kwa maandishi.

6. Mhisani ana kalenda yake

UNHCR, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na mengine walifika haraka, na mengi ya yaliyofanyika Nyarugusu yasingewezekana bila wao. Oktoba 2015 Nduta ilifunguliwa upya kule Kibondo, na Januari 2016 Mtendeli kule Kakonko. Lakini fedha zao nyingi huja zikiwa zimefungwa na aliyezitoa: hizi ni za watoto, hizi za vyandarua. Nyingine hupungua macho ya dunia yakihamia kwingine. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Kigoma ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa.

Mgao ukishuka, mzigo hauishi, unahama. Unakuja kwa mwenye shamba jirani anayeibiwa mihogo, kwa kituo cha polisi, kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kwa msitu wa hifadhi unaokatwa kuni. Hivyo vyote vinalipiwa na bajeti yetu, na hakuna ripoti ya wahisani inayovihesabu. Kijana, tenga daftari. Andika saa za polisi, vitanda vya hospitali ya wilaya, matengenezo ya barabara iliyochimbwa na malori ya chakula. Siku serikali inapokaa mezani na wafadhili, takwimu hizo zisipokuwepo, ukarimu wa Kigoma utahesabiwa kuwa ni bure.

7. Mwenye mtumbwi hana mashine ya risiti

Hoja nyingi za ukaguzi zilizotufuata baada ya 2015 hazikuhusu wizi. Zilihusu vielelezo. Mkaguzi anakaa mbele yako, kijana mstaarabu kabisa, anauliza: malipo haya ya usafiri wa majini, risiti ya mashine ya EFD iko wapi? Unamtazama. Aliyelipwa ni mvuvi mwenye injini ya kukodi, hana namba ya mlipakodi, aliandika kiasi chake kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule na kuweka dole gumba. Karatasi ilikuwa imelowa, wino umetambaa. Unaisoma tarehe kwa kubahatisha.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, iliyotumika wakati ule, ilikuwa na nafasi ya manunuzi ya dharura. Ilichokataa ni dharura iliyotokana na uzembe wako mwenyewe, na hilo ni haki. Lakini ruhusa ya kununua haraka haikuambii uthibitishe vipi kwamba ulinunua. Tulichotengeneza baadaye ni fomu ya nusu ukurasa, iliyopigwa chapa na kuwekwa kwenye bahasha ya nailoni ndani ya kila gari: tarehe, jina la aliyelipwa, simu yake, kijiji, kutoka wapi hadi wapi, lita ngapi, alibeba nini. Chini kuna saini mbili, ya mtumishi wetu na ya mtendaji wa kijiji. Malipo yakaanza kupita kwenye simu kila ilipowezekana, kwa kuwa ujumbe wa muamala haulowi. Mkaguzi aliyefuata aliichukua ile fomu, akaigeuza nyuma na mbele, akaomba nakala.

8. Bei ikubaliwe kabla ya boti kuhitajika

Bei ya kukodi mtumbwi Kigoma mjini ilipanda mara dufu na zaidi wiki ile ya kipindupindu cha Kagunga. Huwezi kumshika mtu shati kwa hilo. Naye ana mafuta ya kununua na hatari ya kuugua. Ila serikali ilikuwa na miezi mingi kabla ya hapo ya kukaa naye chini.

Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, huingia mikataba ya bei na wazabuni kwa vitu vya kawaida. Halmashauri za mpakani zinaweza kutumia njia hiyohiyo kwa vitu vya siku mbaya: boti kumi zenye injini, klorini, maturubai, matangi ya maji, mabasi ya kutoka ziwani hadi kambini. Mkataba unasema bei, unasema mzabuni atafika ndani ya saa ngapi akiitwa, na haulipi chochote asipoitwa. Usahihishwe kila Agosti, wakati kasma bado zina kitu na watu hawana presha. Orodha ya simu za wenye boti iwe kwa mweka hazina, kwa mganga mkuu na kwa afisa wa zamu wa polisi, na mtu mmoja apewe kazi ya kuzipiga kila robo mwaka kuona zipi bado zinapatikana. Mara ya mwisho nilipoipitia ile yetu kabla ya kustaafu, nusu ya namba zilikuwa hazipo tena hewani.